Chama kilichovunjika, lahani zilizobaki: kisa cha Waayalandi wa Chicago

Mwanzoni mwa miaka ya 1900, Waayalandi walioishi Chicago waliunda chama cha muziki wa kwao. Kilikuwa na wapiga fidla, wapiga zumari ya mfuko, wapiga filimbi, mapadri wachache na askari polisi kadhaa. Kabla ya 1910 chama kilikuwa kimekwisha. Hakikuuawa na ukata wala uhaba wa wanachama, kiliuawa na ugomvi. Lakini leo ni vigumu kumpata mpigaji wa muziki wa jadi wa Kiayalandi, awe Dublin, Boston au Melbourne, ambaye hapigi hata lahani moja iliyopita mikononi mwa watu wale.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu vyama vya utamaduni ughaibuni hupimwa zaidi kwa idadi ya wanachama na sherehe za mwaka. Chicago walikuwa na hayo yote kwa muda mfupi, na yote yakapotea. Kilichobaki kilitokana na kazi ya pembeni, iliyoanza kabla ya chama na kuendelea baada yake.

Mtoto wa Tralibane

Mhusika mkuu ni Francis O'Neill. Alizaliwa Agosti 1848 huko Tralibane, karibu na mji wa Bantry katika kaunti ya Cork, kusini-magharibi mwa Ayalandi. Njaa Kuu ilikuwa haijaisha. Ugonjwa wa viazi ulioanza 1845 ulikwishaua watu kwa malaki, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1850 nchi ilikuwa imepoteza watu wapatao milioni moja kwa vifo na wengine zaidi ya milioni moja kwa kuhama. Eneo lile la Cork lilikuwa kati ya yaliyoumia zaidi.

Nyumbani kwao kulikuwa na muziki. Babu yake upande wa mama, wa ukoo wa O'Mahony, alikuwa mtu wa kukaribisha wanamuziki wapitao njia, na mama yake alibeba kichwani lahani nyingi alizozisikia utotoni. Francis alizipata kwake kwa kusikia tu. Hivyo ndivyo muziki ule ulivyorithishwa: mdogo alimsikiliza mkubwa, akaiga, akakosea, akaiga tena. Wapigaji wachache sana walijua kusoma nota. Wapiga zumari wengi walikuwa vipofu waliotegemea kazi hiyo kwa riziki, na baadhi yao walizilinda lahani zao vikali, wakikataa kuzipiga mbele ya mtu waliyemshuku kuwa ana sikio jepesi. Njaa ilipowaua au kuwahamisha, lahani zao ziliondoka nao. Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa daftari halikuwepo kabisa.

O'Neill aliondoka kwao 1865, akiwa na miaka 16, akawa baharia. Mwaka 1867 meli yake, Minnehaha, ilivunjikia kwenye Kisiwa cha Baker katikati ya bahari ya Pasifiki. Chombo kilichowaokoa kilikuwa na chakula kidogo. Mmoja wa mabaharia wake, mwenyeji wa visiwa vya huko, alikuwa na filimbi, na O'Neill alipoipiga, yule bwana alimpenda kiasi cha kumgawia posho yake. O'Neill aliandika baadaye kwamba kwa sababu hiyo alifika nchi kavu akiwa na nguvu kuliko wenzake wengi. Nakitaja kipande hiki kwa sababu kinaonyesha mtu aliyejua mapema kabisa kwamba muziki wa kwao una thamani hata kwa asiyeijua Ayalandi. Huko mbele imani hiyo ilimfanya atumie fedha zake mwenyewe pale ambapo wengine walitoa hotuba.

Alichunga kondoo California, akafundisha shule Missouri, akaoa, na Julai 1873 akajiunga na polisi ya Chicago. Mwezi uliofuata mwizi alimpiga risasi, nayo ikakaa mwilini mwake karibu na uti wa mgongo hadi mwisho wa uhai wake. Alipanda cheo hatua kwa hatua, na mwaka 1901 akawa Mkuu wa Polisi wa jiji zima.

Kaunti nyingi, mji mmoja

Kwa sensa ya 1900 Chicago ilikuwa na watu karibu milioni 1.7, na kati yao zaidi ya 70,000 walizaliwa Ayalandi, bila kuhesabu watoto wao waliozaliwa Marekani. Walifanya kazi machinjioni, kwenye reli, viwandani, zimamoto na polisi. Waliishi mitaa ileile, wakasali parokia zilezile.

Hapa pana jambo ambalo naliona ndilo uti wa kisa chote. Kule Ayalandi mpiga fidla wa Mayo, magharibi, na mpiga fidla wa Kerry, kusini, wangeweza kuishi na kufa bila kusikilizana. Kila upande ulikuwa na lahani zake, namna yake ya kukaza upinde, na ngoma zake zilizopendwa kuliko nyingine. Chicago iliwaweka chumba kimoja. John McFadden, mpiga fidla, alitoka Mayo. James Early, mpiga zumari, alitoka Leitrim. Bernard Delaney, mpiga zumari pia, alitoka maeneo ya Tullamore, katikati ya nchi. Edward Cronin alitoka Tipperary, na O'Neill alipomfahamu alikuwa kibarua katika kiwanda cha mashine za kuvunia, fundi wa muziki ambaye hakuna aliyejali kumuuliza anajua nini. Timothy Dillon alitoka Kerry. James O'Neill, ambaye hakuwa ndugu wa Francis ingawa walishirikiana jina la ukoo, alitoka Down, kaskazini.

Tunazoea kusema kwamba wahamiaji hutunza mila kama walivyozichukua nyumbani. Kwa Chicago kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Walizitunza kwa kuzichanganya. Mtu wa Cork alisikia rili (aina ya lahani za kuchezea) za Leitrim kwa mara ya kwanza akiwa Marekani, akajifunza, akazipiga kama zake. Bila uhamiaji, na kwa maana hiyo bila msiba uliousababisha, mkusanyiko wa aina hiyo ungehitaji mtu wa kuzunguka nchi nzima kwa miaka, akibisha hodi nyumba kwa nyumba.

Wakusanyaji walikuwepo kabla yao. Edward Bunting aliandika lahani za wapiga kinubi waliokusanyika Belfast 1792 na kuzichapisha 1796, na wengine walimfuata katika karne ya 19. Lakini hao walikuwa wasomi, na walivutiwa zaidi na lahani za pole, zinazofaa kupangiwa piano sebuleni. Muziki wa kuchezea, yaani jigi, rili na honipaipu, ule uliowakusanya watu jikoni na njia panda, haukupewa uzito uleule. Tofauti ya Chicago ni kwamba wakusanyaji walikuwa wapigaji wenyewe, nao waliwakusanyia wapigaji wenzao.

Mwenye masikio na mwenye kalamu

Francis O'Neill alikuwa na kumbukumbu ya ajabu ya lahani na alipiga filimbi vizuri, ila kuziandika kwa nota hakuwa mtaalamu. James O'Neill alikuwa mpiga fidla aliyejua nota barabara. Kazi yao ilianza kwa unyenyekevu: Francis alikwenda nyumbani kwa James, akampigia au kumwimbia lahani alizozipata kwa mama yake, James akaandika, kisha akaipiga ile aliyoiandika ili Francis athibitishe. Walikuwa hawajapanga kuchapa chochote. Francis alitaka tu lahani za mama yake zisimfie kichwani.

Habari zikaenea. Wengine wakaleta zao. Cronin, kwa mfano, alikuwa hazina iliyofungwa kwa miaka mingi. Daftari likanenepa, na hapo ndipo wazo la kitabu lilipozaliwa. James naye aliingia polisi, akafika cheo cha sajenti.

Lahani zilipokuwa nyingi, walijaribu kuweka kamati. Kwa maneno ni jambo la busara: mafundi wakae, kila lahani ipigwe, wakubaliane ipi ni sahihi, iingie kitabuni. Kwa vitendo haikuwezekana. Kila fundi alijua lahani kama alivyoipokea kwa mzee wake, na kumwambia kwamba toleo la kaunti nyingine ni bora ni kumtukania mwalimu wake. Mikutano iligeuka mabishano. Mwishowe maamuzi yalirudi kwa wale O'Neill wawili.

Wapo watakaosema huo ulikuwa udikteta. Naona walifanya sawa, kwa sababu muziki wa kusikia hauna toleo moja sahihi. Kamati inayotafuta toleo hilo inatafuta kisichokuwepo, na itagombana mpaka wajumbe waishe. Kosa lao, kama lipo, ni kutochapa matoleo mawili matatu ya lahani ileile na kutaja kila moja ilitoka kwa nani na kaunti gani. Hilo lingekata mzizi wa ugomvi, maana kila fundi angejikuta kitabuni. Wakati mwingine lahani moja iliingia zaidi ya mara moja kwa majina tofauti, lakini hiyo ilitokea kwa bahati mbaya.

Cheo, zumari na wivu

Chama chenyewe kilipoanza, furaha ilikuwa kubwa. Wanachama walikutana, wakapiga, wakacheza, na wageni maarufu walipopita mjini walipokewa. Chicago ilikwishaonja ladha hiyo kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya 1893, yaliyokuwa na vijiji viwili vya Kiayalandi. Katika mojawapo alipiga Patsy Touhey, mzaliwa wa Loughrea huko Galway, ambaye wengi walimhesabu kuwa mpiga zumari hodari kuliko wote wa Marekani. Zumari yenyewe si ile ya Waskoti inayopulizwa kwa mdomo. Mfuko wake hujazwa hewa kwa mivukuto inayokandamizwa na kiwiko, mpigaji huketi, na sauti yake ni ya chini, ya kusikilizwa chumbani. Kuimudu huchukua miaka mingi, na kwa hiyo aliyeimudu huwa anajua thamani yake.

Ndipo penye tatizo. Fahali wawili hawakai zizi moja, na chama kile kilikuwa na fahali kumi. Nani apige kwanza, nani atajwe gazetini, nani amsifu nani: mambo haya yaliwala. O'Neill aliandika juu ya chama hicho 1910 kama kitu kilichopita, kwa uchungu wa mtu aliyekipenda.

Sababu ya pili inahusu cheo. O'Neill aliwasaidia wanamuziki kadhaa kuingia polisi, hakulificha, na mji mzima ulilizungumza. Delaney, ambaye pia alikuwa shemeji yake, alikuwa mmoja wao. Kwa upande mmoja naelewa. Mpiga zumari aliyehamia mji wa viwanda alikuwa na njia mbili: kuharibu vidole kwenye vyuma, au kupata kazi ya mshahara wa uhakika inayomwachia jioni zake. Kazi ya polisi iliwahifadhi mafundi ambao wangemalizwa na vibarua. Kwa upande mwingine, hiyo ilikuwa ajira ya umma, na watu wa mji waliolipa kodi hawakuulizwa kama wangependa fidla iwe sifa ya kuajiriwa.

Na kwa chama athari ilikuwa mbaya kuliko inavyoonekana. Baadhi ya wanachama walikuwa chini ya mwanachama mwenzao kazini. Ukibishana na Mkuu wa Polisi juu ya rili, unabishana na bosi wako. Malalamiko ya aina hiyo hayasemwi, hurundikana. O'Neill alistaafu 1905, baada ya kipindi kigumu cha migomo mikubwa ya wafanyakazi mjini. Tangu hapo hakuwa na cha kumpa wala cha kumnyima mtu. Chama hakikudumu miaka mingi baada ya hapo, na sidhani kwamba mambo hayo mawili yalifuatana kwa bahati tu.

Pigo jingine lilikuwa la nyumbani. O'Neill na mkewe Anna walizika watoto wengi. Mwanawe Rogers, kijana wa miaka 18, alifariki 1904. Baada ya msiba huo muziki ulinyamaza katika nyumba iliyokuwa kituo cha wote. Chama kisicho na ukumbi wake, kinachotegemea sebule ya mtu, hufungwa na msiba wa mtu huyo.

Kitabu

O'Neill's Music of Ireland kilitoka Chicago 1903. Kilikuwa na lahani 1,850: 625 za pole, 75 za Carolan, yule mpiga kinubi kipofu aliyefariki 1738, na zilizobaki 1,150 zilikuwa za kuchezea na maandamano, zikiwamo jigi 415 na rili 380. Hakuna mkusanyiko wa muziki huo uliokuwa umefikia ukubwa huo kabla yake. Mwaka 1907 kikafuata cha muziki wa kuchezea peke yake, chenye lahani 1,001, na hicho ndicho kilichopendwa na wapigaji. Fedha nyingi za kazi hii zilitoka mfukoni mwa O'Neill.

Mapokezi hayakuwa ya shangwe tupu. Wahakiki waliona lahani zilizojirudia, zilizoingizwa bila uhakika wa asili yake, na zilizopangwa kwa namna isiyolingana na kawaida ya kaunti fulani. Lawama nyingi zilikuwa za haki. Alipokwenda Ayalandi 1906, O'Neill aliumia kuona jinsi muziki ulivyopungua kwao. Harakati za kufufua lugha na utamaduni zilikuwa zimepamba moto Dublin, lakini mpiga zumari wa kijijini hakuwa kipaumbele cha mtu. Aliyahamisha masikitiko hayo kwenye vitabu viwili vya historia, cha 1910 na cha 1913, ambamo aliandika maisha ya wanamuziki ambao vinginevyo majina yao yasingejulikana. Kwa maoni yangu hicho cha 1913 kina thamani sawa na lahani zote 1,850, kwa sababu kinatuambia muziki ulikuwa wa nani.

Wakati huohuo alipata msaidizi mpya: Selena O'Neill, naye si ndugu, binti wa Chicago aliyesomea fidla chuoni. Alimpangia O'Neill vitabu vya baadaye, kikiwamo cha 1922. Kitu ambacho mafundi waliozaliwa Ayalandi walikipata kwa sikio, binti wa Marekani alikipata kwa nota na kukitumikia vilevile.

Vitabu vilivuka bahari. Katika vijiji vya Ayalandi nakala moja ilizunguka nyumba nyingi, na asiyejua nota alimtafuta ajuaye. Miaka ya 1920 zikaongezeka santuri zilizorekodiwa New York na wahamiaji kama Michael Coleman wa Sligo, nazo zikasikilizwa kule kwao hadi zikabadili upigaji wa kaunti nyingine. Muziki ulioondoka nchini mifukoni mwa maskini ulirudi ukiwa umechapwa na kurekodiwa. Mwaka 1951, Comhaltas Ceoltóirí Éireann, chama kikubwa cha wanamuziki wa jadi, kilipoanzishwa Mullingar, kilikuta wapigaji ambao tayari walikuwa na hazina ya pamoja. Na mwaka 1975 taji la fidla la wakubwa katika mashindano ya Ayalandi nzima lilichukuliwa na Liz Carroll, msichana wa miaka 18 kutoka Chicago.

Ambacho nota hazikukishika

Kitabu kina kasoro moja isiyoweza kurekebishwa na kitabu kingine. Nota zinakupa mifupa ya lahani. Hazikuonyeshi jinsi McFadden alivyoteleza kidole, wala jinsi Touhey alivyokata sauti ghafla na kuirudisha. Vizazi vilivyojifunza kutoka kwenye ukurasa peke yake vilipiga kwa unyoofu ambao mafundi wa Chicago wangeushangaa. Tena lahani iliyochapwa huelekea kuwa sheria: mpigaji anaambiwa amekosea kwa kuwa anapiga alivyofundishwa na bibi yake badala ya kitabuni. Kamati iliyovunjika ilikuwa ikibishania jambo la kweli, kumbe.

O'Neill alilitambua hilo mapema kuliko wengi. Mashine za Edison za kurekodi sauti zilipopatikana, aliwarekodi baadhi ya wenzake kwenye silinda za nta, na nyingine akazituma kama zawadi kwa marafiki. Touhey naye alirekodi silinda zake mwenyewe na kuziuza kwa posta. Nta hupasuka, huota ukungu, hufutika kila inapochezwa, na nyingi zilidhaniwa zimepotea. Mwaka 1931 O'Neill alikabidhi maktaba yake kwa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Indiana, akafariki Chicago Januari 1936. Lakini baadhi ya silinda alizowapa watu zilikaa kwenye familia moja ya Milwaukee, na mwanzoni mwa karne hii zikafika kwenye Hifadhi ya Ward ya Muziki wa Kiayalandi mjini humo, zikasafishwa na kuhamishiwa kwenye mfumo wa kidijitali.

Kwa hiyo sasa mwanafunzi anaweza kufungua kitabu cha 1903 au cha 1907, kisha akawasikiliza watu waliokuwa chama kimoja na wakashindwa kukaa pamoja, wakipiga lahani za aina ileile ambayo James aliiandika. Akiwasikiliza kwa makini atatambua penye tofauti kati ya sikio la James na kidole cha fundi, na ataweza kuamua mwenyewe afuate ukurasa au afuate sauti.